Mwanamke Aliyesimama Mahali Pangu

Mume wangu ni fundi wa taa, na mimi ni macho yake. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Mtu aliyepanda ngazi kufunga taa ukutani haoni anachokifanya. Pua yake imegusa saruji, na mwanga unapanda juu ya kichwa chake asijue umefika wapi. Lazima awepo mtu ng'ambo ya barabara anayeuona ukuta mzima, amwambie inua kidogo, geuza, hapo umepitiliza. Tangu tuoane, mtu huyo amekuwa mimi.

Tumewasha makanisa wakati wa Krismasi, hoteli za ufukweni, harusi za Nyamasaria ambako ukumbi ni hema moja na ukuta wa jirani, na matanga mengi kuliko harusi, kuanzia Seme hadi Nyakach. Kila tulipokwenda palikuwa na jenereta, kwa sababu stima ya kwetu haiaminiki siku yenye wageni. Jenereta ikianza kunguruma, unaweza kumwita mtu hadi koo likauke na asisikie. Ndiyo maana tulitunga alama za mikono. Kiganja kikitazama juu, inua. Kiganja kikifagia upande, geuza kwa upande huo. Vidole vikikunjwa polepole, punguza ukali. Nikigusa sikio, acha hapo hapo, usiiguse tena. Hakuna aliyetufundisha. Zilizaliwa moja moja, nyingine kwa ugomvi. Ile ya sikio ilitokea siku aliponiudhi kwa kugeuzageuza taa ambayo tayari ilikuwa imekaa vizuri, nikashika sikio langu kama mwalimu anayemwonya mtoto, naye akacheka hadi ngazi ikayumba. Tangu siku hiyo ikawa neno.

Nayasema haya mapema ili ijulikane wivu wangu ulikuwa wa nini. Watu wakisikia mke ana wivu hukimbilia mambo ya chumbani. Mimi nilikuwa nalinda kipande cha lami.

Mwaka huo, Diwali ilipokaribia, tuliitwa na mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara ambaye mume wangu amemtengenezea stima za duka kwa miaka mingi. Mzee huyo amezaliwa Kisumu na anakizungumza Kijaluo vizuri kuliko watoto wangu. Ukoo wake una jumba la zamani la ghorofa moja katika mtaa unaoteremka kuelekea ziwani, lenye nguzo za mawe chini na roshani ndefu ya mbao juu. Jioni ya Diwali fataki zingerushwa kutoka uwanja ulio nyuma ya jumba, upande wa ziwa, na mzee alitaka uso wa jumba uwashwe ili watu walione pamoja na mbingu.

"Nataka watu waone hii nyumba vile baba yangu aliona siku alimaliza kujenga," alituambia.

Nilifurahi mno. Jumba lile nimelipita miaka yote nikienda sokoni, na kila nikilipita nilikuwa naliwasha kichwani: nguzo kwa chini, roshani kwa ndani, kile kilele chenye maua ya saruji kiachwe hadi mwisho. Nilimwambia mume wangu zaidi ya mara moja, siku moja tutapewa lile. Sasa tumepewa. Wiki nzima nililala nikipanga taa.

Kisha jioni moja akarudi nyumbani, akanawa mikono, akakaa kwenye meza.

"Mzee ameleta mtu wa Nairobi," alisema. "Dada fulani. Kazi yake ni kupanga mwanga."

"Kupanga vipi?"

"Atasimama chini aangalie. Mimi nitafunga."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika kidogo, nyar Seme. Umesimama kwa barabara miaka mingi."

Nyar Seme ni binti wa Seme. Huniita hivyo anapotaka kunilainisha. Halafu akanisogezea kichwa cha samaki, ambacho ndicho anachokipenda kuliko sehemu zote, na hapo nikajua kwamba anajua vizuri alichonifanyia.

"Sawa," nilimwambia. Mwanamke akisema sawa kwa sauti ile, mwanamume mwenye busara huacha kula. Yeye alimaliza ugali.

Kuanzia siku iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na mtu wa ziada asiyeonekana. Yule dada anasema mwanga haumwagwi kama maji ya kuoga, unachorwa. Yule dada anasema giza nalo ni kazi, lazima uliache mahali pake. Nilikuwa nakuna nazi? Hapana, nilikuwa nachambua mboga, na kisu kilisimama hewani. Maneno hayo ya giza nimeyasema mimi maisha yangu yote, ila mimi nilikuwa nasema, "Usiwashe kila kitu, hapa si sokoni." Nikisema mimi ni kelele za mke. Akisema mgeni ni elimu.

"Halafu amekubali tutumie taa za manjano," aliniambia jioni nyingine. "Nilimwelezea hiyo maneno ya wadudu."

Aliyekaa kando ya ziwa letu anawajua wadudu hao, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Ukiwasha taa nyeupe kali karibu na ziwa, hujaa ukutani hadi ukuta uonekane umeota manyoya. Niliyegundua kwamba mwanga wa manjano hauwavuti sana ni mimi, katika hoteli moja ya ufukweni, siku harusi nzima ilipokula wadudu ndani ya pilau.

"Ulimwambia ni nani aligundua?" niliuliza.

"Aligundua nini?"

Nikaondoa sahani mezani, yake ikiwa bado na chakula.

Jirani yangu wa Nyalenda, anayeuza nyanya na omena mbele ya lango letu, ndiye aliyemalizia. Mwanamke huyo hana ubaya, lakini akiona kidonda lazima akiguse kuhakikisha ni kidonda.

"Nasikia umeletewa nyieka," alisema, akinipimia nyanya.

Nyieka ni mke mwenza. "Nani amesema?"

"Nimemwona huko town. Ako na suruali na kofia ya mjengo. Ni mrefu."

"Urefu wake unanihusu nini?"

"Nasema tu, Mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alicheka peke yake. Niliondoka, nikafika jikoni kwangu ndipo nikakumbuka kwamba nyanya nimeziacha palepale kwenye mizani. Sikurudi kuzichukua. Siku hiyo tulikula mboga bila nyanya, na mume wangu alipouliza nikamwambia akamuulize yule dada.

Nilijifariji kwamba ngoma ivumayo haidumu. Nikaanza pia kuombea mvua. Mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri juu ya milima ya Nandi, nami nilikuwa nayatazama kwa matumaini kama mkulima. Yalikusanyika, yakanguruma, yakaenda kunyeshea watu wengine.

Mwishowe nilishindwa kukaa nyumbani. Nilipika omena na ugali, nikafunga vizuri kwenye kikapu, nikaenda mjini kumpelekea mume wangu chakula cha mchana. Kwa kweli alikuwa na chakula huko, mzee alikuwa anawapikia. Nilikwenda kuona.

Mume wangu alikuwa juu kwenye roshani, amepiga magoti, anafunga taa kwenye mbao. Jenereta ilikuwa inanguruma kando ya jumba. Na ng'ambo ya barabara, mahali pangu kabisa, alisimama mwanamke. Kumbe alikuwa amewekewa zile koni za plastiki za rangi ya machungwa, zimemzunguka pande zote ili magari yampishe. Niliziangalia koni zile kwa muda mrefu. Mimi miaka yote bodaboda wamekuwa wakinipita karibu hadi wanataka kunikanyaga visigino, na hakuna aliyewahi kuniwekea hata jiwe.

Alikuwa mrefu kweli. Kiunoni alikuwa na redio ya kuzungumzia, ameifunga na kuiacha. Halafu akainua mkono wake, kiganja kikitazama juu.

Mume wangu akainua taa.

Akafagia kiganja upande wa kulia, na taa ikaenda kulia. Akakunja vidole polepole. Taa ikapoa. Kisha akageuza kichwa kidogo, akagusa sikio.

Damu ilinipanda. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilisimama na kikapu changu kwenye kivuli cha duka, nikawa nahisi kama mtu anayesikia barua zake zikisomwa redioni. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alizifanya vizuri. Mikono yake ilikuwa safi, haina haraka, kila alama imekamilika kabla ya nyingine kuanza. Mimi zangu huzifanya nikiwa nimekasirika nusu. Na yeye kule juu alikuwa anatii papo hapo. Mimi hunibishia. Mimi nikimwambia inua, hunitazama kwanza kana kwamba nimeomba kitu kisicho cha kawaida.

Walipozima jenereta, mume wangu akashuka, tukakutana wote watatu kwenye ngazi za jumba.

"Mama, karibu sana," alinisalimu yule dada, akinipa mkono baada ya kuufuta kwenye suruali. Alikuwa na grisi shavuni na hajui. "Nimeskia story zako mingi."

"Zipi?"

"Zote mzuri. Hizi redio zilikataa kabisa na hiyo jenereta, nilikuwa napiga kelele hadi sauti ikaisha. Ndio mzee wako akanifunza mikono. Ilituokoa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa tayari anamega ugali.

"Ulimfunza zote?"

"Zile kazi inahitaji tu."

"Hata ya sikio?"

"Hiyo ndio kazi inahitaji zaidi," alisema, akachovya. "Hii omena ni tamu leo."

Nilitamani kumnyang'anya bakuli. Yule dada alitutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akasema anaenda kuangalia waya, na akaenda mahali ambapo hapakuwa na waya wowote. Hata hilo lilinikera, kwamba ana adabu.

Nyumbani nilisubiri watoto waende kulala.

"Zile zilikuwa zetu," nilimwambia.

"Nyar Seme, ni mikono tu."

"Basi ungempa mikono mingine."

Yeye si mtu wa maneno, ndiyo maana alama zile zilimfaa. Baadaye akauliza, "Kesho utakuja?"

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuna mtu wa kuangalia."

Aliuliza tena kesho yake, na kesho ya kesho, akiwa mlangoni na mfuko wake wa vifaa, nami nikamjibu vilevile kila mara, hadi akaacha kuuliza. Alipoacha niliona wivu pia kwa ajili hiyo. Nilidhani sasa amezoea.

Jioni ya Diwali nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba siendi. Nilivaa gauni la kanisani, si kwa ajili ya mtu yeyote, nikaenda.

Mtaa ulikuwa umefungwa, watu wamejaa. Akina mama wa Kihindi wamevaa sari zinazometameta, wazee wa Kisingasinga na vilemba vyao, watu wa Nyalenda na Manyatta waliokuja kuona vya bure, wauza njugu na mahindi ya kuchoma wakipenya katikati. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, na upande wa ziwa bado kulikuwa na wekundu kidogo. Nilisimama nyuma, nimeegemea ukuta wa duka, mahali ambapo ningeweza kuona bila kuonekana. Yule dada alikuwa ndani ya koni zake. Mume wangu alikuwa roshanini, ameinama kwenye swichi, kwa sababu zile taa zilitakiwa kushushwa kwa mkono kila fataki zinapopanda, la sivyo jumba lingeifunika mbingu.

Mkono wa dada ukapanda polepole, na jumba likaanza kutoka gizani.

Hakuwasha nguzo. Mimi ningeziwasha nguzo. Yeye aliziacha nyeusi, akawasha ukuta wa nyuma, kwa manjano laini, kwa hiyo nguzo zikasimama pale kama watu waliofika mlangoni na hawajabisha hodi. Roshani ikafuata, ubao kwa ubao. Kilele kikaja mwisho, kama nilivyokuwa nikitaka mimi, na hilo sijui kama lilinifurahisha au liliniuma. Nilitafuta kasoro kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nilipata moja tu, dirisha la pembeni kushoto lilikuwa na mwanga mkali kidogo. Nikalishikilia dirisha lile. Lakini nilikuwa natamani jumba liwe baya, na jumba halikuwa baya. Lilikuwa zuri kuliko nilivyowahi kuliwasha kichwani.

Yule mzee alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya umati na familia yake. Sikumwona uso. Nilimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Fataki ya kwanza ikapanda nyuma ya paa. Vidole vya dada vikakunjwa, na mume wangu akashusha taa. Jumba likazama, mbingu ikafunguka, umati wote ukasema aah kwa pamoja. Fataki ikafifia, kiganja kikageuka juu, jumba likarudi. Waliendelea hivyo, mmoja barabarani na mmoja roshanini, wakizungumza juu ya vichwa vya mamia ya watu ambao hawakujua kwamba kuna mazungumzo. Kisumu yote ilikuwa inatazama juu. Mimi nilikuwa natazama mikono. Kila neno nililielewa, na hakuna hata moja nililoambiwa mimi.

Kisha, fataki moja ilipokuwa imekwisha na nyingine haijapanda, mume wangu akasimama wima. Alimtazama dada, akaweka mikono kiunoni, viwiko nje, akainamisha kichwa upande mmoja. Alikaa hivyo kidogo. Dada akapunga kiganja, la, na yeye akainama tena kwenye swichi.

Alama hiyo sikuijua.

Nilijiambia mgongo unamuuma. Amekuwa ameinama muda mrefu, mtu wa umri wake. Lakini mara ya pili alisimama akafanya vilevile, mikono kiunoni, kichwa upande, na dada akamjibu vilevile, la. Huo haukuwa mgongo. Lilikuwa neno. Walikuwa wamechukua alama zangu na hazikuwatosha, wakatunga zao, na sasa mume wangu anasema kitu mbele ya macho yangu na mimi ni kama mgeni aliyeshuka basi Mamboleo leo asubuhi bila kujua lugha ya watu. Mambo yote yaliyotangulia niliyaweza. Hilo lilinishinda.

Nikapita katikati ya watu. Nilikanyaga mguu wa mtu na sikuomba radhi. Nikaruka koni, nikasimama karibu na yule mwanamke, bila hata kumsalimu.

"Amesema nini?"

Alishtuka. "Mama! Kumbe umekuja."

"Hiyo ya mikono kiunoni. Inasema nini?"

Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

"Hiyo ni wewe," alisema.

"Mimi vipi?"

"Ni wewe. Jina lako. Vile wewe husimama ukichoka kumngoja. Hivyo ndivyo alinionyesha." Akainua kiganja haraka kwa sababu fataki ilikuwa imefifia, jumba likarudi, kisha akanigeukia tena. "Anauliza kama umefika. Anaulizanga kila siku. Mimi nilidhani unajua."

Sikujua. Ningejuaje? Mimi na yeye, tukiwa wawili tu, hatukuwahi kuhitaji neno la kuniita. Nilikuwa hapo siku zote. Lilihitajika siku nilipokuwa sipo, na aliyehitaji kuambiwa ni mwanamke mwingine. Nilitazama chini nikakuta mikono yangu iko kiunoni kweli. Miaka yote nimesimama barabarani nikiangalia kuta za watu, na sijawahi kujua ninavyosimama. Wivu haukuondoka, nisidanganye. Niliona wivu hata kwa hilo, kwamba dada huyu amekuwa akiniona nikitajwa, siku baada ya siku, na mimi niko nyumbani nachambua mboga.

Kule juu mume wangu alikuwa amesimama tena. Moshi ulikuwa umetanda kati yetu na sikuwa na hakika kama anatuona.

"Nimjibu vipi?" nilimwuliza.

Yule dada alifungua mkono, akaufunga, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakipati.

"Mimi siku zote nimekuwa nikimwambia hapana," alisema. "Ya ndiyo hatukuwahi kuitunga."